Ulizo la Mama Esperansi

Harufu ya wanga wa muhogo unaoungulia chini ya pasi ya makaa hunirudisha Bunia ya utoto wangu kuliko kitu kingine chochote. Ni harufu ya uji unaotaka kushika chini ya sufuria, iliyochanganyika na moshi na sabuni ya kufulia, na ilianza kupanda kwenye baraza la shangazi yangu kila Ijumaa asubuhi. Kufikia Jumamosi mchana ilikuwa imeshaingia hadi ndani ya madaftari yangu. Shangazi aliitwa Antuaneti, lakini mtaa mzima ulimwita Tantini, yaani shangazi, Anto, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mikono mipana iliyozoea moto, na kabla ya vita alikuwa amefua na kunyoosha nguo za mapadri kwa miaka mingi. Vita vilipotulia aliitoa meza yake nje, akaitandika blanketi la kijivu, akaanza kunyoosha nguo za yeyote aliyetaka kwenda kanisani bila mikunjo. Mimi niliishi naye kwa sababu wazazi wangu walibaki Komanda, ambako baba alikuwa na duka dogo kwenye njia panda ya malori, na waliona kwamba shule za Bunia zilikuwa zimesimama vizuri zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, mwaka wa mtihani wa taifa.

Nasema vita vilipotulia, sisemi vilipokwisha. Maduka ya barabara kubwa yalikuwa yamepakwa rangi upya, soko lilijaa samaki wa ziwani na mihogo ya vijijini, na arusi zilikuwa zimeanza tena kupita kwa honi na nyimbo. Lakini helikopta nyeupe ya walinda amani ilipopita juu yetu, watu wazima walinyanyua vichwa, wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea na sentensi pale walipoikatia. Nyuma ya mlango wa kila nyumba niliyoifahamu kulikuwa na mzigo uliofungwa tayari. Na kwa sababu hiyo mambo ambayo katika miji mingine ni madogo, kwetu yalikuwa makubwa. Mtu aliyetaka kupanda alijiuliza kama apande maharage, ambayo huyavuna baada ya miezi mitatu, au muhogo, ambao utamtaka awepo mwaka mzima. Aliyetaka kuezeka alijiuliza kama anunue mabati au aendelee na turubai. Shangazi alikuwa na msemo wake kwamba muhogo ni zao la mtu mwenye imani, na watu walicheka, lakini nadhani kila mmoja alirudi nyumbani akilifikiria shamba lake.

Watu waliokuja kuchukua nguo hawakuondoka haraka. Walikaa kwenye benchi, wakasubiri, na katika kusubiri wakauliza. Kijana mmoja alitaka kujua kama aache shule ya ualimu aende kuchimba dhahabu Mongbwalu pamoja na kaka zake. Shangazi alimwambia kwamba dhahabu imekaa ardhini tangu Mungu aumbe dunia na haitaharibika kwa kumngojea miaka miwili apate diploma. Baba mmoja ambaye ng'ombe wake wote waliporwa aliona aibu kumwozesha mwanawe kwa mbuzi. Shangazi alimuuliza kama bibi arusi ataishi na ng'ombe au na mume. Alikuwa na maoni kuhusu maziwa ya watoto, kuhusu wakwe, kuhusu pombe, kuhusu mapasta waliowafungisha waumini mpaka wakazimia kwa njaa. Akili ni nywele, wanasema, kila mtu ana zake. Lakini kwenye baraza lile ilionekana kana kwamba nywele zote zilikuwa kichwani kwa mtu mmoja. Nilimsikiliza huku nikikunja nguo, na niliamini kwamba hakuna swali ambalo angeweza kulijibu vibaya.

Nyuma ya nyumba yetu, katika kiwanja hichohicho, kulikuwa na kijumba cha udongo chenye chumba kimoja na jiko. Humo alikuwa amepanga Mama Esperansi, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, aliyekimbia kutoka upande wa Aveba wakati wa mapigano. Mume wake alifariki kwa ugonjwa njiani. Alikuwa akiwafulia watu nguo, na nyingine alimletea shangazi azinyooshe, kwa hiyo kazi yao ilikuwa kama moja. Alikuwa na mtoto mchanga wa kiume aliyezaliwa Bunia, na binti yake Esperansi, ambaye ndiye aliyenifanya nipende kwenda shule. Tulikaa dawati moja. Esperansi alikuwa na akili ya hesabu iliyomshangaza hata mwalimu. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri na basi. Tulikuwa tumepanga kufanya mtihani pamoja, kuingia sekondari pamoja na kukaa dawati moja mpaka tutakapozeeka, kwa maana hatukujua kwamba madawati yana mwisho.

Mwezi wa pili mwaka ule, msafiri mmoja alimletea shangazi barua kutoka Kisangani. Macho yake yalikuwa yameanza kushindwa na maandishi madogo, hivyo akanipa nimsomee. Ilikuwa ya mwanawe wa pekee, Dodone. Alisema amepata mke, mke ana mimba, kazi ya Kisangani imekwisha, na wangependa kurudi nyumbani kabla ya Pasaka. Aliuliza kama kile kijumba cha nyuma kingepatikana. Shangazi alinifanya niisome mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya Biblia, na siku nzima aliimba nyimbo za kanisani. Mimi sikuimba. Nilijua nani alikuwa analala katika kijumba kile.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi jioni kabla jua halijatua, wateja wakiwa wameondoka, Mama Esperansi alikuja barazani mikono mitupu. Alisema leo hakuleta nguo, alileta ulizo. Ndivyo tunavyoliita swali sisi watu wa Bunia. Mashemeji zake walikuwa wamemtumia habari kutoka Aveba. Mvua ilikuwa karibu, watu walikuwa wanarudi vijijini, na yule ambaye hataonekana msimu huu, sehemu yake ya shamba itapewa mwingine. Alikuwa amewauliza wengi. Kaka yake, aliyekaa mtaa wa pili, alimwambia angoje mwaka mmoja zaidi. Pasta alimwambia aombe. Sasa alitaka kusikia Tantini Anto anasemaje.

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha. Alimwambia, "Nenda. Shamba haingojake mutu. Batu bote banarudia, na weye utafulia batu hapa mpaka siku gani?"

Mama Esperansi aliuliza kuhusu mtihani wa binti yake, ambao ulikuwa mwezi wa sita. Nilifikiri shangazi atasema kwamba Esperansi anaweza kubaki nasi, alale pamoja nami kwenye mkeka wangu. Lilikuwa jambo rahisi mno hata nikaona limeshasemwa. Lakini shangazi alisema njia iko wazi, Aveba si mbali, watarudi kwa siku za mtihani kisha waende tena. Nilimtazama. Nilingoja pia aitaje barua. Aliigeuza kola upande wa pili, akanyunyiza maji kwa vidole, mvuke ukapanda kati yake na mimi. Hakuitaja. Nami, niliyeisoma barua ile kwa mdomo wangu, sikusema neno. Mtoto kwetu hasemi mbele ya wakubwa, na nilijificha nyuma ya desturi hiyo, ingawa najua kwamba siku nyingine nilikuwa nasema bila kuulizwa.

Waliondoka Jumatatu iliyofuata kwa gari la mizigo, juu ya magunia ya chumvi. Esperansi hakulia. Alinipa kazi: nimwandikie masomo yote katika daftari moja, ili akirudi mwezi wa sita asome haraka. Niliahidi. Kwa wiki tatu niliandika kila jioni kwa ule mwandiko wangu mzuri, sehemu, maeneo, miji mikuu, viungo vya maua. Kisha Dodone akafika na mke wake, kijumba kikapakwa chokaa, kukawa na kuku, na wageni, na baada ya muda mtoto mchanga wa kubembeleza. Hakuna aliyekuja kutoka Aveba kuulizia daftari. Niliacha.

Siku ya mtihani tulikusanywa katika shule kubwa ya mjini, watoto wa shule nyingi, sote tumevaa bluu na nyeupe, na sare yangu ilikuwa imenyooshwa mpaka inakwaruza shingo. Mwalimu mgeni alisimama mlangoni akaanza kuita majina. Aliliita jina la Esperansi. Akaliita tena, akatazama huku na huku kama kwamba labda mtoto huyo amesinzia. Alipoliita mara ya tatu, mwalimu wetu alimsogelea akamnong'oneza, naye akachora mstari kwenye karatasi. Niliuona mkono wake ukipita kutoka kushoto kwenda kulia. Nilifanya mtihani wote nikiwa na dawati peke yangu, mahali pake pakiwa wazi kwa mkono wa kuume, na nilipofika kwenye hesabu za sehemu niligeuka kumwangalia kwa mazoea.

Nilipofika nyumbani shangazi alinipa lituma, ndizi zilizopondwa na maharage, chakula nilichokipenda, akaniuliza mtihani ulikuwaje. Nilimwambia walimwita Esperansi mara tatu. Alikaa akiitazama sahani yake, kisha akaisukuma taratibu kuelekea kwangu, ingawa yangu ilikuwa bado imejaa.

Siku sita baadaye tulipata habari kwamba wamerudi. Mteja mmoja aliwaona wakiingia mjini kwa miguu kutoka mahali lori lilipowashusha. Hawakuja kwetu, walikwenda kwa yule kaka wa Mama Esperansi. Habari yenyewe haikuwa ndefu. Walifika Aveba, walilima, walipanda maharage na muhogo, na maharage yalikuwa yametoa maua pale risasi zilipoanza kusikika asubuhi moja ng'ambo ya mlima. Walikimbia na waliokimbia, wakakaa wiki kadhaa katika jengo la kanisa pamoja na familia nyingine, mtoto mdogo akashikwa na malaria akapona kwa taabu, na barabara ilipofunguliwa mtihani ulikuwa umepita. Hakuna aliyekufa. Watu walisema hivyo kwa kushukuru, na mimi nilishukuru pia, lakini niliuona tena ule mstari wa kalamu.

Shangazi akabadilika. Pasi iliendelea kwenda na kurudi, lakini waliouliza walijibiwa kwa neno moja: sijui. Mama mmoja alimuuliza kama amwachishe mtoto ziwa, jambo ambalo shangazi angeweza kulihubiri mpaka jioni, naye akasema hajui, amuulize muuguzi. Watu wakadhani anaumwa. Jumapili, baada ya misa, badala ya kurudi nyumbani alinishika mkono tukashika njia ya mtaa wa pili. Hakuniambia tunakwenda wapi, nami sikuuliza.

Tulimkuta Mama Esperansi uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi mbichi. Esperansi alikuwa kando yake, amevaa koti la mwanamume lililomfika magotini, akizikata zile zilizokwisha kumenywa. Alikuwa amekonda. Tulipewa benchi. Shangazi alikataa maji ya kunywa, na kwa desturi yetu mtu akikataa maji watu hujua kwamba amekuja na jambo. Alisema, bila kuzunguka, "Siku ile sikukuambia yote. Dodone alikuwa ameniandikia barua. Nilikuwa na lazima ya ile nyumba. Nilikuambia uende, na mimi mwenyewe sijue kama nilisema juu yako ao juu yangu."

Kisu cha Mama Esperansi hakikusimama. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaiweka kwenye beseni, akachukua nyingine. "Nilijua," alisema. "Ule mutu alileta barua alinipitia mimi kwanza, aliuliza nyumba yako iko wapi. Alinihadisia yote. Nilijua mbele ya kukuuliza."

Sijawahi kumwona shangazi akishangaa vile. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejifunza kusema, "Sasa juu ya nini uliniuliza mimi?"

"Juu nilikuwa nataka kwenda. Nilichoka kukaa kwa batu. Kaka alisema nibakie, pasta alisema niombe. Weye tu ndiye nilijua utasema nenda." Hapo ndipo alipokiweka kisu chini. "Siye wawili tulijua bile tulikuwa tunataka, Tantini. Lakini mutoto hakuuliza mutu. Yeye tulimupeleka tu."

Kuna methali isemayo kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni na kuidhania kuwa ni ya watu wabaya, wenye hila. Pale uani, kati ya wanawake wawili niliowapenda, nilielewa kwamba ni ya kila mtu mwenye mikono. Aliyeshauri alivuta kwake, aliyeomba ushauri naye alivuta kwake, na wala hawakuwa na ubaya. Mmoja alimtaka mwanawe karibu, mwingine alitaka kulala chini ya paa lisilo la mtu.

Shangazi alisema Esperansi aje akae nasi, arudie darasa la sita, na kwamba yeye atamtunza kama anavyonitunza mimi. Mama Esperansi alimjibu kwamba asiulizwe yeye, aulizwe mwenyewe. Basi Tantini Anto, aliyekuwa ameuelekeza mtaa mzima bila kumtazama mtoto hata mara moja, aligeuka kwenye benchi akamwambia msichana wa miaka kumi na miwili, "Na weye, unataka nini?"

Esperansi alisema atakuja, lakini hataki kurudi shule ileile, ambako wadogo wa jana watakaa naye dawati moja na kumcheka. Anataka shule nyingine. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza daftari liko wapi. Nilimwambia ukweli, kwamba niliandika wiki tatu nikaacha. Akanitazama kwa macho makavu, akarudi kwenye ndizi zake. Hakuwa amekasirika na shangazi, wala na mama yake. Hasira yake yote ilinijia mimi, na ilikuwa haki yangu. Alipohamia kwetu, mama yake akibaki kwa kaka na kuja kila siku kufua, tulilala kwenye mkeka mmoja siku nane bila kuzungumza. Siku ya tisa alinirekebisha hesabu niliyoikosea, akashindwa kunyamaza, na hapo urafiki ukaanza upya, ingawa haukuwa tena ule wa dawati. Mimi niliingia sekondari mwaka ule, yeye mwaka uliofuata, na tofauti hiyo ya mwaka mmoja imebaki kati yetu mpaka leo kama jiwe dogo njiani ambalo wote wawili tunajua lilipo.

Shangazi alirudia kutoa maoni, maana ulimi wake haukuumbwa kwa ajili ya kukaa kimya. Lakini alianza na jambo jipya ambalo wateja waliliona ni kichekesho. Kabla ya kujibu alitaja kwanza yeye atapata nini. Kama mtu alimuuliza amnunulie mwanawe suruali ya kitambaa au ya jinzi, alisema, "Ya kitambaa ndiyo inaniletea kazi, ujue hivyo, sasa nisikilize." Wengine walicheka. Wachache waliona kwamba mshauri anayejishuku hafai, wakaenda kuuliza kwingine. Na bado alikosea mara nyingi. Yule kijana wa Mongbwalu, kwa mfano, alimaliza diploma yake na hakupata kazi, akaenda kuchimba hatimaye, na kila akija mjini alimkumbusha.

Leo Esperansi ni mkunga Komanda, na mimi ni mwalimu wa darasa la sita hapa Bunia. Shangazi ni mzee sana na analelewa na Dodone. Nikilinganisha siku zile na hizi, kitu kinachonishangaza zaidi ni wingi wa ushauri. Amani yetu bado ni ile ya kunyanyua kichwa. Kambi za waliokimbia zimejaa tena, na njia ya Komanda hufunguka na kufungwa. Lakini sasa simu ya kila mzazi imejaa sauti za watu asiowajua, walioko Kinshasa, Kampala, hata Ulaya, wakimwambia ondoka, au usiondoke, au panda, au uza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wenye sauti hizo hawalali katika vitanda vyetu. Ushauri wa barazani kwetu ulikuwa na makosa yake, lakini angalau ulikuwa na uso. Uliweza kuufuata mpaka kwake Jumapili mchana, au wenyewe ukaja kukutafuta uani na kukataa maji.

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja darasani baada ya masomo, amemshika mwanawe mkono. Kijijini kwao watu walikuwa wanarudi, na alitaka kujua kama ampeleke mtoto au amwache kwa mama yake mdogo mpaka mtihani. Nilimwambia kwanza kwamba darasa langu limepungua, na kwamba wakipungua zaidi nitaunganishwa na darasa jingine. Ajue hilo kabla ya kunisikiliza. Alicheka kidogo, akasema anajua. Kisha nilichuchumaa mpaka macho yangu yakawa sawa na ya yule mtoto, nikamuuliza yeye. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, halafu akaanza kusema, na alikuwa na mengi. Tulizungumza mpaka mlinzi akaja kufunga milango. Mtoto amebaki kwa mama yake mdogo, mama amekwenda kupanda. Sijui kama tuliamua vema. Lakini safari hii tuliamua tukiwa watatu.